Nusu Yangu ya Salamu Maria

Jamaa zangu wa tanuri, tangu nirudi Uyole sijapanga hata safu moja ya matofali bila mmoja wenu kuniuliza, "Mzee Kanisi, huko kwenu kulikuwaje?" Nikianza kujibu mvua inakuja, au lori la kuni linaingia, habari inabaki katikati. Basi nimeona niiandike. Shule niliachia darasa la tano, siku nilipopanda lori la mbao ili nione linakwenda wapi, na tangu hapo sijaacha kutaka kuona vitu vinakwenda wapi. Nimekuwa utingo, nimepika kambi ya wavuvi kule Ziwa Rukwa, nimechimba dhahabu Chunya, na sasa nachoma matofali nanyi. Nina miaka sitini na saba na magoti yanayolia kama bawaba.

Mnakumbuka mvua ile ya kabla ya Kwaresma, nilipokimbilia kanisani ili nisilowane. Ndani kulikuwa na kina mama watano wanasali rozari. Nilikaa nyuma, nakamua kofia. Nikashtuka mdomo wangu unajibu wenyewe, neno kwa neno, kitu ambacho sikukisema kwa zaidi ya miaka hamsini. Sikulala vizuri wiki ile. Nikaenda kwa katekista kumwambia nataka kurudi kundini.

"Karibu, mzee. Jumuiya yako ipi?"

Jumuiya ni majirani Wakatoliki wanaosali pamoja; nikamwambia sina.

"Basi nani anakutambua?"

Swali hilo nilirudi nalo tanurini. Ninyi mnanitambua, lakini nusu yenu ni Walokole na nusu ni Waislamu. Nikafikiri, duniani mtu mmoja tu anaweza kusimama aseme huyu ni wetu, alibatizwa kwetu: dada yangu Skolastika, aliyeko Namawala, bonde la Kilombero. Na huyo nilikuwa na kesi naye. Mama yetu alipofariki nilikuwa Chunya. Habari ilinifikia siku ya tatu. Nilikuwa na nguvu za kusafiri. Nikajiambia mazishi yameshapita, nikafanye nini? Sikwenda. Mwaka ukapita, aibu ikakua, na aibu ikikua haikusaidii kufunga mzigo.

Nilipiga simu. Mjukuu wa dada, Editha, alipokea. Nikamsikia akisema, "Bibi, ni Babu Kanisi." Nikangoja sauti ya dada, akarudi Editha: "Bibi anasema uje. Padre anakuja kigangoni Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tano kwa maungamo, Jumapili misa. Baada ya hapo ni mavuno, hatakuja upesi." Nikapiga mara ya pili na ya tatu. Kila mara dada hakuchukua simu. Kila mara ni Editha: "Bibi anasema uje." Nikajua bado ana hasira, ila anataka kunionyesha uso kwa uso.

Mbeya hadi Makambako

Nilipanda treni Jumatano na begi moja na blanketi zito jipya la dada. Mlinicheka kuhusu blanketi, mkasema bondeni ni joto. Nilisahau, jamani. Mtu akiishi baridi muda mrefu anadhani dunia nzima inatetemeka.

Mbele yangu alikaa bwana wa miaka arobaini hivi, amekumbatia jembe la ng'ombe lililofungwa kwa magunia, utadhani mgonjwa anapelekwa hospitali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na huyo mgonjwa mnakwenda wapi?"

Akacheka. Jina lake Masanja, anakwenda bondeni, upande wa Namawala. Nikamtazama vizuri. "Wewe ni Msukuma. Unafanya nini Namawala?"

"Nalima mpunga."

"Mpunga? Wasukuma si ng'ombe?"

"Ng'ombe ndio wanaolima, mzee. Mimi natembea nyuma yao tu."

Nikamwambia mimi ni mwenyeji wa kule, Mndamba wa kuzaliwa. Akauliza niliondoka lini. Nikataja. Akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya.

"Mimi baba alinileta nikiwa natambaa, sijaondoka," akasema. "Wewe mwenyeji uliondoka, mimi mgeni nimebaki. Sasa tuambie, mgeni ni nani humu?"

Behewa zima likacheka, na mimi pia. Ndipo tulipoanza kuelewana.

Makambako hadi Mlimba

Makambako tulikaa sana. Mvua ya usiku uliopita ilikuwa imeshusha udongo kwenye reli huko mbele, mafundi wanazoa. Watu wakashuka, wakanunua viazi na mahindi ya kuchoma, wakafahamiana. Treni ikisimama muda mrefu watu huwa ndugu, halafu ikianza wanasahau majina.

Na mimi, kwa ujinga wa mtu anayedhani hatamwona tena aliye mbele yake, nikamwambia Masanja kila kitu. Nilimwambia kuhusu mama. Nilimwambia sikwenda kumzika, na kwamba sikuwa mgonjwa, wala sikukosa njia. Nilikuwa sijawahi kulitamka hilo kwa sauti. Nilikuwa natafuna hindi na machozi yananitoka, nikamwambia ni chumvi na pilipili.

Masanja hakunipa pole. Aliuliza, "Na huyo dada atasema anakutambua?"

"Sijui. Kwenye simu hataki hata kunisalimia."

"Ungekuwa ng'ombe tungeangalia chapa," akasema, akageukia dirisha. Nikaona amechoka na habari zangu.

Usiku sina la kusimulia, nililala. Asubuhi tulikuwa tumeshateremka milima, hewa imekuwa nzito na ya uvuguvugu, inanuka majani mabichi. Stesheni ya Mlimba kina mama walikuwa dirishani na ndizi mbivu, wali na kambale wa kukaanga. Nilipofungua ule wali harufu ikanipiga. Nimekula wali nchi nzima hii, mwingine ni wa kushibisha tu. Ule wa bonde, jirani akipika, wewe mwenyewe unasikia njaa. Nikala sahani mbili. Mama aliyeniuzia akanitazama, akasema, "Baba, wali haukimbii."

Mlimba hadi Ifakara, na kupita

Masanja alishuka kituo kidogo kabla ya Ifakara. Tulimshusha mgonjwa wake dirishani, watu wanne tukishika. Akaniambia, "Shuka hapa, ndiyo njia ya karibu ya Namawala."

"Editha ananisubiri Ifakara," nikamjibu, kama mtu mwenye miadi mikubwa.

"Haya. Tutaonana."

Nikajisemea, tutaonana wapi.

Nilikusudia kutazama bonde lote, niwasimulie. Nikaona mpunga unaanza kuwa wa njano hadi macho yanapoishia, ndege wachangi, wale walao mpunga, wakiruka wingu zima, wanageuka pamoja kama shuka linalokung'utwa. Nikaona madungu, yale majukwaa ya miti ambamo watu hukaa wakilinda mpunga. Halafu zile sahani mbili zikafanya kazi yake. Nilipozinduka, kijana wa tiketi alikuwa ananitikisa bega.

"Mzee, ulikuwa unashukia wapi?"

"Ifakara."

"Ifakara imeshapita. Hapa tunaingia Kiberege."

Kiberege hadi Lipangalala

Kiberege ilikuwa siku ya soko. Nilisimama kando ya barabara na blanketi langu juani, jasho linachuruzika, na kila aliyepita alidhani nauza. Mama mmoja aliligusa akauliza, "Baba, hili la kazi gani huku?" Nikamwambia ni la dada yangu. "Anaumwa homa?" Nikalihamishia bega lingine.

Gari la kwanza lililonipa nafasi lilikuwa limebeba mahindi, likapasuka tairi. La pili lilikuwa la nazi, dereva anasimama kila kijiji kusalimia shangazi. Alikuwa na mashangazi wengi kuliko nazi. Nilifika Lipangalala, mtaa wa Ifakara anakokaa Editha, Ijumaa mchana, badala ya Alhamisi. Editha, binti wa miaka ishirini na kitu, fundi cherehani, alikuwa amekaa kibarazani na nguo ya mtu imemlalia mapajani, hashoni.

"Babu! Shikamoo! Nimekwenda stesheni jana, treni imekuja, wewe haumo!"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwemo. Ila nilikuwa nimelala."

Alicheka mpaka akachomwa na sindano. Nilipomuuliza habari za Bibi aliacha kucheka. Nikauliza, amekasirika? Akasema, "Babu, mimi nimekatazwa kusema. Utajionea."

Lipangalala hadi Namawala

Jumamosi alfajiri tulichukua bodaboda mbili. Barabara ilikuwa matope, tulivuka sehemu nyingine kwa miguu, pikipiki zikisukumwa. Nyumba ya dada tulikuta imefungwa kwa kamba, kuku hakuna, jiko baridi. Nikasema moyoni, amenikimbia.

"Wote wamehamia mashambani, Babu," Editha akasema. "Huu si msimu wa ndege? Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Mpunga ukianza kukomaa vijiji vyetu vinabaki vitupu. Watu wanahamia vibanda vya shambani hadi mavuno, na jumuiya inahama nao.

Tulifuata kijia kati ya mpunga. Kabla sijaona mtu nikasikia. Sauti ya mwanamke, mbali, inapaza mwanzo wa Salamu Maria. Ikinyamaza, sauti nyingine kutoka dungu la ng'ambo zinapaza mwisho. Na ndege wanaruka, kwa kuwa kila sala ni kelele. Nikasimama. Ndivyo tulivyolelewa. Mwezi wa Mama Maria, huu wa tano, na msimu wa ndege ni mwezi mmoja, basi mama aliunganisha kazi. Dada akiwa dungu la juu anaongoza, mimi dungu la chini najibu. Nikisinzia, na nilisinzia sana, dada aligonga debe mara tatu, maana yake: jibu, wewe!

Lakini sauti ile ya kuongoza haikuwa ya dada.

Jumuiya ilikutana kwenye uwanja wa kupuria, watu kama ishirini juu ya mikeka. Dada Skola nilimtambua mara moja, mwembamba, kitambaa cheupe, debe kuukuu miguuni. Nikaenda nikapiga magoti, "Shikamoo, dada." Akanishika kichwa kwa mikono miwili. Midomo ikacheza. Hakikutoka kitu. Kisha mtu akatuita tukae, tunaanza.

Na aliyetuita, mwenyekiti wa jumuiya, ni Masanja.

Jamani, nilitaka mpunga unifunike. Yeye ananitazama kama hajawahi kula mahindi na mimi. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele na milele, amina." Akasema, "Tuna mzee anataka kurudi kundini. Padre anafika mchana. Atatuuliza sisi. Nani anamtambua?"

Wengi pale walizaliwa nikiwa nimeshaondoka. Wote wakamgeukia dada. Dada ananitazama, midomo inacheza, hasemi. Nikasema ndiyo hivyo, Kanisi, umevuna ulichopanda Chunya. Nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Kaa, mzee," Masanja akasema. "Kwanza tusali. Wewe ni mgeni, tuongoze Salamu Maria."

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Kikatoka hiki: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..."

Wakashangaa. Nikajaribu tena. "Maria Mtakatifu..." Mwanzo wake naujua nikiusikia, lakini mdomo wangu haukuwahi kuuanza hata siku moja. Siku zote ulianzwa na mwingine. Vicheko vikaanza huku na huku. Ndipo bibi mmoja wa mkeka wa nyuma akapiga kelele:

"Huyo ni wa dungu la chini! Huyo ni wa kwa mama Skola! Nani mwingine anajua nusu?"

Na hapo debe likagongwa. Mara tatu.

Nikajibu, bila kufikiri, kwa sauti ya kufukuza ndege, mpaka mwisho: "...sasa na saa ya kufa kwetu, amina!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Dada anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamwagika, na bado anagonga debe.

Editha akanieleza, sasa ameruhusiwa. Sauti ya Bibi iliondoka mwaka juzi. Waliompima Ifakara walisema si ugonjwa wa kuua, ni koo limechoka, anabaki na mnong'ono ambao simu haiwezi kuubeba. "Alinikataza nisikwambie. Alisema, asije kwa ajili ya koo langu. Akija, aje kwa ajili ya Mungu."

Nikamgeukia Masanja. "Na wewe ulijua, mule kwenye treni?"

"Nilijua ulipotaja jina la dada yako. Lakini ulikuwa unasema vizuri, mzee. Nilitaka umalize."

"Ukaninyamazia siku nzima!"

"Si nilikwambia tutaangalia chapa?"

Mchana padre alifika, matope hadi magotini, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Tuliketi kwenye vigogo viwili nyuma ya kanisa la kigango. Niliyoyasema huko si yenu. Nitawaambia malipizi tu. Alikuwa ameshasimuliwa habari ya asubuhi, akajizuia kucheka, akasema, "Rozari moja, mzee. Ila uongoze wewe."

Dungu la juu

Jumapili nilipokea komunyo, dada upande wa kulia. Nilidhani nitalia, nikajikuta natabasamu kama mtu aliyedhani amefungiwa, akakuta mlango uko wazi. Baada ya misa tulikula pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa bapa, na perege wa mchuzi. Masanja alileta maziwa ya mgando. Blanketi langu lilitandikwa chini likawa mkeka wa kulia, na kila aliyelikalia alisema limezidi joto.

Watu walipopungua nikamwambia dada kuhusu mama. Aliniacha nimalize. Kisha akavuta sikio langu, akanong'ona, nami nikasikia kila neno.

"Ulipopanda lori, mama alikataa mtu mwingine akae dungu la chini. Aliniambia, wewe ongoza tu, mwachie nafasi. Basi naongoza, nanyamaza muda wako, naendelea. Msimu baada ya msimu. Ndege wa upande ule walikula vizuri sana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sauti ilipoisha."

Jumatatu asubuhi nikataka kukaa dungu la chini, mahali pangu. Dada akanisukuma kifuani. Akanionyesha la juu. Yeye mwenyewe, na miaka yake sabini na tano, akateremka kijia hadi la chini, tukamsaidia kupanda, akaketi na debe mapajani. Nilimwona mdogo kule, kitambaa cheupe juu ya mpunga wa njano.

Editha alikuwa ameniandikia nusu ya kwanza kwenye kipande cha karatasi yake ya kukatia nguo. Nilikishika, lakini sikukihitaji. Ndege wakaja, wingu la kwanza. Nikavuta pumzi, nikapaza kwa nguvu zote za kifua cha mchoma matofali: "Salamu Maria, umejaa neema..." hadi mwisho wa nusu ile. Ndege wakageuka. Nikanyamaza.

Nikasubiri. Sikuwa nimewahi kukaa upande huo wa sala. Sikujua kama nafasi ile ni ndefu hivyo, wala unavyokaa ndani yake umetega sikio, macho kwenye dungu la chini, hujui kama yupo.

Halafu debe likalia.